Jina lilibaki, mafundi wakaondoka: Far Cry ya kwanza na zilizoifuata

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Nyakato, hapa Mwanza. Far Cry ya kwanza, ile gemu ya risasi, niliicheza nikiwa shule ya msingi kwenye kompyuta ya mjomba na haijanitoka kichwani. Juzi nimecheza ya tano kwenye banda la gemu mtaani. Picha kali, mambo mengi, lakini nilipoachia pedi sikuwa na hamu ya kurudi. Washkaji wanasema nimezeeka, ya kwanza ilishapitwa zamani. Sasa nimenunua kompyuta iliyotumika: i5 ya kizazi cha tatu, RAM 8 GB, kadi ya grafiki ya 2 GB. Je, hizi zilizofuata zimeizidi kweli ya kwanza, au tunadanganywa na picha? Na kwa bando langu hili la kuungaunga, nipakue ipi? Tutacheza mimi na mdogo wangu.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujazeeka. Washkaji zako nao wana hoja, ila mnabishana kana kwamba gemu zote hizo zimetoka mkono mmoja, wakati hazijatoka mkono mmoja. Nianze na hilo, maana ndilo linaloamua yote yatakayofuata.

Far Cry ya kwanza ilitoka Machi 2004. Waliounda ni Crytek, studio ya ndugu watatu wa familia ya Yerli, yaani Cevat, Avni na Faruk, iliyokuwa Coburg, mji mdogo tu wa Ujerumani. Hiyo ndiyo ilikuwa gemu yao ya kwanza. Kabla yake walikuwa na onyesho la kisiwa chenye dinosaria, X-Isle, lililotumiwa na Nvidia kuwaonyesha watu nguvu ya kadi zake za grafiki, na kutoka kwenye kisiwa kile ndipo Far Cry ikazaliwa. Ubisoft walikuwa wachapishaji. Baadaye Crytek wakafunga mkataba na wachapishaji wengine, Electronic Arts, na mwaka 2006 haki za jina Far Cry zikawa za Ubisoft moja kwa moja. Tangu hapo, kila gemu yenye jina hilo imetoka kwa watu wengine. Ni sawa na mtumbwi uliouzwa pale Mwaloni Kirumba na jina lake lililochorwa ubavuni: tajiri mpya atabadili mbao, atabadili injini, atabadili hata kazi yake, na ufukweni wataendelea kuuita kwa jina lile lile. Fundi aliyeuchonga yuko pembeni anaunda mwingine.

Kwa hiyo swali lako ni maswali mawili. Waliolibeba jina walifanya nini? Na waliolitengeneza walikwenda wapi?

Kwanza tukubaliane kile ulichokipenda kilikuwa nini, maana sidhani kama ni hadithi. Jack Carver, askari wa zamani wa kikosi maalumu, anaendesha mashua ya kukodi. Anampeleka mwandishi wa habari, Valerie, kwenye visiwa vya Mikronesia, mashua inalipuliwa kwa roketi, anajikuta yuko peke yake na mamluki kila upande. Mazungumzo ni ya sinema ya bei poa na Jack mwenyewe ana mdomo wa kujisifu. Hakuna anayekumbuka gemu ile kwa maneno yake.

Kinachokumbukwa ni umbali. Gemu nyingi za risasi za wakati ule zilikuwa mlango, chumba, adui, mlango mwingine. Hapa unatoka kwenye handaki lenye giza, jua linakupiga usoni, na mbele yako kuna bahari, na ng'ambo ya ghuba kuna kambi yenye watu wanaotembea. Hakuna anayekwambia upite wapi. Unaweza kuiba boti na kuwavamia, unaweza kuogelea, unaweza kupanda kilima na kushuka kwa nyuma, unaweza kuzunguka msituni nusu saa nzima ukitafuta pembe. Ulipewa darubini ambayo ikimgusa adui inamweka kwenye rada yako, na ambayo ilinasa hata mazungumzo yao ya mbali. Ulipewa jiwe la kurusha ili mlinzi ageuke. Ukikosea, wale jamaa hawakukusubiri nyuma ya boksi kama sanamu: mmoja anakufyatulia ukae chini, wengine wanapita ubavuni, na mwingine anakimbilia kengele ili helikopta iletwe.

Na uhai wako haukurudi wenyewe. Ukijeruhiwa umejeruhiwa, mpaka uokote boksi la dawa. Kusevu nako kulikuwa kwenye vituo walivyopanga wao, si pale unapotaka. Kwa mtu wa huku, hilo lilikuwa na adhabu yake ya pili: umeme ukikatika dakika moja kabla ya kituo, kambi nzima unairudia. Hasira hizo naamini unazikumbuka.

Ukiweka pamoja mambo hayo, unapata kitu kimoja: gemu iliyokuruhusu kuona mbali lakini haikukuruhusu kujua. Uliona kambi, hukujua nyuma ya lile hema kuna nani. Ulipanga, mpango ukavunjika, ukapanga upya ukiwa umelala kwenye majani. Huo ndio mzani nitakaotumia kuzipima zilizofuata, kwa sababu mizani mingine, kama picha, ukubwa wa ramani na idadi ya bunduki, ya kwanza imeshindwa zamani na hakuna haja ya kubishana.

Ila lazima niseme na upande wa pili, ambao kumbukumbu yako huenda imeufuta. Ile gemu ina steji 20, na mapema kabisa Daktari Krieger anaanza kukufungulia mazimwi yake, Trigen. Kadiri unavyokwenda ndivyo wanavyozidi. Wanaruka, wanakufikia kwa kufumba na kufumbua, pigo moja au mawili umekwisha. Mara nyingi wanakukuta ndani, kwenye korido za chuma, ambako darubini na kilima havina kazi. Yaani watengenezaji walikuwa na kitu ambacho hakuna mwenzao alikuwa nacho, kisha wakakitupa katikati ya safari. Steji ya ile manowari kubwa iliyokwama na ile ya ngome msituni hazijachuja hata leo. Za mwisho, pale kwenye volkano, ni mateso matupu. Muulize mtu yeyote anayeisifia gemu hii iliishaje. Wengi watakwambia kompyuta iliharibika kabla hawajamaliza.

Kwa hiyo washkaji wakisema ya kwanza imezidiwa, nusu yake ya pili imezidiwa kweli, na ilizidiwa mwaka uleule iliotoka.

Sasa jina. Ubisoft kupitia studio yao ya Montreal walitoa kwanza matoleo ya konsoli, yaani zile mashine za gemu za kuunga kwenye TV, Instincts ya 2005 na wenzake, ambamo Jack mwenyewe anapewa nguvu za mnyama. Hayo tuyapite. Kazi yenyewe ni Far Cry 2, Oktoba 2008, chini ya mkurugenzi Clint Hocking, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo gemu ambayo watu wa huku kwetu tuna haki ya kuizungumzia kuliko wengine.

Walimtupa Jack, wakatupa visiwa, wakatupa mazimwi. Injini waliyojenga, yaani programu inayoiendesha gemu, iliyoanzia kwenye ile ya Crytek na kuandikwa upya karibu yote, wakaiita Dunia. Wakakupeleka kwenye nchi ya Afrika isiyotajwa jina, yenye vita kati ya makundi mawili, UFLL na APR, na eneo la kilomita za mraba zipatazo 50 za mbuga, msitu na jangwa. Umetumwa kumuua muuza silaha anayeitwa Jackal. Hata kazi hujaanza, malaria inakulaza hotelini na huyo Jackal mwenyewe ndiye anayekuja kukutazama kitandani.

Kila kitu kwenye gemu hii kimewekwa ili kikunyime uhakika. Bunduki unayoiokota kwa adui ina kutu na itakwama mkononi mwako katikati ya mapigano, uanze kuigongagonga. Ramani haisimamishi muda: mhusika anaishika mkononi huku gari linakwenda, na ukiikodolea sana unagonga mti. Nyasi kavu zinashika moto, na upepo ukigeuka ule moto uliowasha kwa ajili yao unakuja kwako. Adui akiumia, mwenzake anajaribu kumsaidia. Rafiki yako mamluki anaweza kuja kukuokoa ukianguka, na siku nyingine akafa kabisa, asirudi tena. Hakuna rangi inayokuonyesha watu kupitia ukuta. Unatega sikio, unakumbuka ulimwona nani wapi.

Kwa mzani wetu, hii ndiyo iliyokaribia ya kwanza kuliko yoyote yenye jina lile, ingawa ukizitazama kwa picha hazifanani hata kidogo. Ni jasiri kuliko hata hiyo ya kwanza, maana haina mazimwi ya kukimbilia hadithi inapochoka.

Lakini ina kasoro ambazo mtu anaweza kuitupa kwa sababu yake na nisimlaumu. Vituo vya walinzi barabarani: umekiua kituo kizima, umesogea mbele kidogo, ukirudi wamejaa tena kama hakuna kilichotokea. Unaendesha, unashuka, unaua, unaendesha, unashuka, unaua. Halafu kila mtu anakufyatulia, hata watu wa kundi lililokutuma asubuhi, kwa kisingizio kwamba kazi yako ni ya siri. Na kubwa kwangu ni hili: nchi haina watu. Kuna wanamgambo, kuna wauza silaha, kuna raia wachache waliojificha ndani wakisubiri hati za kusafiria, basi. Hakuna soko, hakuna mama ntilie, hakuna kituo cha basi, hakuna mtoto anayekimbiza tairi. Hata mahali penye vita kuna mtu anauza nyanya. Mzungu anayecheza Montreal anaweza asilione pengo hilo. Wewe wa Nyakato utaliona dakika ya kumi.

Malaria yenyewe utaicheka. Macho yanaingia ukungu, unameza kidonge, unaendelea kupiga risasi. Sisi tunaijua ya vidonge vinne vya mseto asubuhi, vinne jioni, siku tatu, na miguu haikubebi kwenda dukani, seuze vitani. Hata hivyo kama kanuni ya gemu imefanya kazi: vidonge vikikuishia lazima uende kuwasaidia raia hao wa mafichoni ili upate vingine, na ndio wakati pekee unaowakumbuka. Mandhari nayo wameipata. Mtu aliyewahi kupita barabara ya Musoma jioni, pale lango la Ndabaka, ataitambua ile rangi ya nyasi na jua. Kuna pundamilia, nyumbu na swala, ila simba hakuna, sijui walimwogopa.

Far Cry 3 ilitoka mwishoni mwa 2012, na hiyo nadhani ndiyo washkaji zako wanayoiwaza wanaposema ya kwanza ilishapitwa. Kibiashara na kimtindo, hiyo ndiyo mzazi wa zote zilizokuja baadaye. Walirudi visiwani. Kijana wa Kimarekani, Jason Brody, yuko likizo na wenzake, wanatekwa na maharamia, na kiongozi wa waliowateka ni Vaas, aliyeigizwa na Michael Mando. Vaas alikaribia kuimeza gemu nzima. Anapoondoka, hadithi bado ndefu, na bosi anayechukua nafasi yake, Hoyt, hana ule moto.

Walichofanya watu wa Montreal ni cha akili sana. Waliangalia ya kwanza, wakaona utamu wake ni kile kipande cha kukaa kilimani ukiipeleleza kambi, wakakikata wakakisambaza kisiwani mara 34. Kambi 34 za kukomboa, na minara ya redio 18 ya kupanda ili ramani ifunguke. Wakaongeza vionjo: unaweza kuzima king'ora kwanza ili wasiite wenzao, unaweza kupiga risasi kizimba chenye mnyama mkali ukakaa pembeni akufanyie kazi. Kulenga kukawa kulaini, kusevu kukawa rahisi, magari yakawa hayakuchoshi. Ukimpa mtu ambaye hajawahi kugusa gemu hizi, saa moja tu amenasa. Siidharau hata kidogo.

Kilichopotea kiko kwenye kamera. Unaielekeza kambini, kila adui anawekewa alama, na alama hiyo inamfuata hata akiwa nyuma ya ukuta. Ukimaliza kupiga picha, kambi haina siri tena. Ya kwanza nayo ilikuwa na darubini na rada, ni kweli, ila rada ilikupa nukta, haikukupa macho ya kupenya nyumba. Na kambi ya mwaka 2004 ilikuwa kizuizi kilichosimama kati yako na unakokwenda. Ya 2012 ni kazi kwenye orodha, yenye malipo yake, na bonasi kama hukuonekana. Kambi ya tano unafurahia. Ya kumi na tano unatimiza wajibu. Hapo hapo unawinda wanyama ili ushone pochi kubwa zaidi ya kuwekea pesa, jambo ambalo hata sasa sijapata mtu wa kunielezea mantiki yake.

Baada ya hapo nitakwenda haraka, kwa sababu ni ya tatu iliyobadilishiwa nguo. Ya nne, 2014, iko Kyrat, nchi ya kubuni ya milima ya Himalaya, na ndiyo ya tatu iliyosafishwa: tembo wa kupanda, mavazi ya kupaa, na Pagan Min, mtawala mwenye maneno matamu. Ina kichekesho kizuri. Mwanzoni kabisa Pagan anakwambia umsubiri mezani. Ukimsubiri kweli, kama robo saa hivi, anarudi, mnamaliza shughuli iliyokuleta, na gemu inaisha. Primal ya 2016 ni ya zama za mawe, haina bunduki, haituhusu. New Dawn ya 2019 ni mwendelezo wa ya tano. Ya sita, 2021, iko kisiwa cha kubuni cha Yara, na Giancarlo Esposito kama rais dikteta. Ina jogoo wa kupigana anayekusindikiza, na ina aina za risasi za kubadilishabadilisha kulingana na mavazi ya adui, kitu kilichonifanya nitumie muda mwingi kwenye menyu kuliko porini.

Ya tano, uliyoicheza, ina habari yake. Iko jimbo la Montana, Marekani, unapambana na mhubiri Joseph Seed na ndugu zake. Mwaka 2018 waliondoa ile minara, na hata kuna mzee anakutania mwanzoni kwamba hatakupandisha minara wilaya nzima. Wakaondoa pia ile ramani ndogo ya pembeni, ili utazame dunia yenyewe. Nilipoona hivyo nilidhani wamerudi nyumbani. Kisha ukacheza na kukuta kile kilichokutoa hamu, na nadhani nakijua: kila mkoa una mita ya upinzani, na ikifika kiwango fulani gemu inakuteka. Uko juu ya kilima, umepanga vizuri, upepo safi, mara mishale ya dawa, giza, unaamka kwenye kiti unahubiriwa. Mpango wako haukuvunjwa na adui aliyekuzidi akili. Umevunjwa na mwandishi wa hadithi aliyechoka kukusubiri. Mtu aliyezoea ya kwanza hawezi kusamehe hilo, hata kama hajui kuliita nini.

Hayo ni ya jina. Tuje kwa mafundi.

Crytek, walipoachana na jina, mwaka 2007 walitoa Crysis. Ifungue na utamjua aliyeijenga kabla ya dakika ishirini. Kisiwa kipya, Lingshan. Ufukwe, msitu, kambi ng'ambo ya maji, boti, doria, darubini inayoweka alama. Safari hii adui ni jeshi la Korea Kaskazini, na wewe umevaa suti inayokupa moja kati ya nguvu nne kwa wakati mmoja: kinga, mbio, misuli, au kutoonekana. Kila moja inakula betri ileile. Unaweza kujificha ukasogea hatua kadhaa, betri ikaisha ukiwa katikati ya wanajeshi. Ule mpango na kuvunjika kwake, niliousema huko juu, umerudi, na safari hii una njia nyingi zaidi za kuuunda upya papo hapo. Vibanda vinabomoka, miti inakatika kwa risasi.

Kwa maoni yangu hii ndiyo Far Cry ya pili ya kweli, na ndiyo pekee iliyoizidi ya kwanza kwenye mchezo wake wenyewe. Si kwa hadithi, kwa sababu hadithi ni ileile nyepesi, bali kwa lile jambo la kuona mbali na kuamua mwenyewe.

Na walirudia kosa lilelile! Katikati, mlima unafunguka, viumbe wa anga wanatoka, kisiwa kinaganda kwa barafu, na wewe unasukumwa njia moja mpaka mwisho. Watu walewale, studio ileile, baada ya kilio chote kuhusu Trigen. Ukifika kwenye barafu unaweza kufunga kompyuta ukalala, hutakosa kitu kikubwa. Crysis 2 na 3 zilihamia New York, nafasi ikabana zaidi, na hapo hata mafundi nikawaacha.

Sasa kompyuta yako na bando. Far Cry ya kwanza ilitaka RAM ya 256 MB na nafasi ya 4 GB, kwa hiyo mashine yako itaikimbiza bila hata feni kupandisha sauti. Tahadhari moja: nakala zinazouzwa mtandaoni siku hizi zimeshawekewa toleo la 1.4, ambalo linajulikana kwa kasoro ya kuwafanya adui waone kupitia turubai za mahema. Ukipigwa risasi na mtu aliye ndani ya hema lililofungwa, si wewe uliyekosea. Crysis ilikuwa jinamizi la kompyuta za 2007, lakini i5 ya kizazi cha tatu na kadi ya 2 GB inaiweza, ukishusha vivuli kidogo. Far Cry 2 haitakusumbua, na kwenye kompyuta unaweza kusevu popote, tofauti na konsoli ambako ilibidi urudi kwenye nyumba salama. Kwa umeme wetu huu, hilo peke yake ni sababu ya kuicheza kwenye kompyuta. Ya tatu inataka nafasi ya 15 GB na itakwenda vizuri. Ya nne 30 GB, itakwenda ukiwa na kiasi. Ya tano 40 GB, kadi yako iko kwenye mpaka wa chini kabisa, kila setingi chini na bado itakwamakwama mnapochoma magari. Ya sita ni 60 GB, achana nayo, bando litaisha kabla hujaona menyu.

Mpangilio wangu kwako: rudia ya kwanza mpaka Trigen watakapokuchosha, na uache hapo bila aibu. Kisha Crysis mpaka barafu. Kisha Far Cry 2, ukiwa na subira na siku ambayo hakuna anayekuharakisha. Ya tatu mpe mdogo wako aanze nayo, maana kwake huo umbali wa 2004 hautakuwa na ajabu yoyote, amezaliwa ukiwepo, na Vaas atamfundisha haraka kwa nini watu wanapenda gemu hizi. Zote nne zinashuka bei mara kwa mara kwenye maduka ya mtandaoni, kwa hiyo subiri punguzo badala ya kununua flashi ya kuchakachuliwa ambayo nusu ya muda inaleta na virusi. Pakua usiku kama bando lako lina ofa ya usiku.

Kuhusu kucheza wawili: ya tano na ya sita zinakubali watu wawili kwenye hadithi nzima, lakini kila mmoja na mashine yake na intaneti yake, na kwenye ya tano hadithi inasonga kwa mwenyeji tu, mgeni anaondoka bila maendeleo ya misheni. Hakuna ya kugawa skrini kwenye kompyuta moja kati ya nilizokutajia. Mtabadilishana kibodi. Mkicheza ya kwanza kubalianeni anayekufa ndiye anayeachia kiti, na mkifika kwa Trigen badilisheni mwende kwa dakika, la sivyo mtakuwa mnasimama na kukaa usiku kucha.